Nani anakulisha ukisubiri kazi? Mwalimu anajibu barua zenu

Mwezi huu nimechagua barua nne. Zimetoka Busia, Arua, Katwe na Bombo. Waandishi wake hawajuani, lakini nilipozipanga mezani niliona zote zinagusa jambo lile lile: kijana anapotoka chuoni, kinachomsubiri nje hutegemea sana ametoka nyumba gani. Nimefundisha kukereza vyuma hapa Jinja kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo hili linaniuma. Nitalisema bila kuzunguka. Barua nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyaacha.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 23, naishi Busia upande wa Uganda. Nimelelewa na bibi, mama yake mama, ambaye huuza dagaa sokoni. Ndiye aliyenilipia ada hadi nikapata cheti cha umeme wa majumbani. Chuoni nilikuwa kati ya watatu wa kwanza. Rafiki yangu, ambaye mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia hesabu, sasa yuko Mukono anafunga umeme kwenye majengo ya ghorofa, kwa sababu mjomba wake ni mkandarasi. Mimi mafunzo ya vitendo niliyafanya kwa fundi wa hapa mjini, na siku nyingi kazi yangu ilikuwa kushika ngazi na kuleta chai. Nimepeleka maombi, hakuna anayejibu. Mjomba wangu anasema niache ndoto, nichukue pikipiki ya mkopo niendeshe boda. Je, kosa langu ni lipi? Au kila kitu huamuliwa na familia?

Marahaba, mwanangu. Kosa lako silioni, na nimeirudia barua yako nikilitafuta. Umesoma, umefaulu, bibi amemaliza jasho lake. Wewe na rafiki yako mmetoka chuo kimoja na cheti kimoja, ila yeye alitoka akiwa na watu wa kumshika mkono, wewe ukatoka peke yako.

Watu hudhani familia humsaidia kijana siku moja tu, siku mjomba anapopiga simu. Simu hiyo ipo, siikatai. Lakini mkono wa nyumbani huanza kazi mapema zaidi. Mtoto wa nyumba ya mkandarasi husikia tangu utotoni ni kazi gani ya ufundi inalipa, ni cheti gani wakandarasi wanakiheshimu, ni mwezi gani ujenzi hupamba moto. Wewe, kama wengi niliowafundisha, huenda ulichagua kozi kwa kuangalia ada ambayo bibi angeiweza.

Halafu yakaja mafunzo ya vitendo. Chuo humwambia mwanafunzi atafute mwenyewe mahali pa kwenda. Makampuni makubwa yako Kampala, Mukono, na kule kwenye eneo la viwanda la Namanve. Mwenye shangazi Kireka ana pa kulala na sahani ya chakula jioni, kwa hiyo anaweza kwenda huko hata kama halipwi senti. Asiye na ndugu huko hurudi kwao, akajishikiza kwa fundi wa jirani, awe mzuri au mbaya. Mwalimu wake akija kumkagua anaandika kwamba amemaliza mafunzo. Kwenye karatasi vijana wawili wamelingana. Mmoja ameona ubao mkubwa wa umeme wa jengo zima, mwingine ameshika ngazi. Mwajiri akiuliza swali la pili tu, tofauti inaonekana, na anadhani ni tofauti ya akili.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni udhamini. Fundi mwenye kazi anapomchukua kijana, anampa drili, roli za waya za bei kubwa, na ufunguo wa nyumba ya mteja. Moyoni anajiuliza: kitu kikipotea, nitamfuata wapi? Kijana aliyeletwa na mjomba wake ana jibu tayari, kwa sababu mjomba anajulikana nyumbani kwake. Kijana aliyekuja na bahasha ya vyeti hana. Si lazima fundi huyo awe mbaguzi au mla rushwa. Anaogopa hasara tu, na hofu yake inawaangukia wale wasio na jina mjini.

Na juu ya yote kuna kusubiri. Miezi ya kwanza ya ufundi wowote haina mshahara wa maana, mara nyingine ni chakula cha mchana na ahadi. Anayeweza kuipita miezi hiyo ni yule ambaye nyumbani kuna mtu wa kumlisha. Ninaamini kwamba hiki ndicho familia yenye uwezo inachompa kijana wake kuliko kingine chochote: muda. Muda wa kukataa kazi mbovu, muda wa kujifunza kwa kukosea, muda wa kungoja simu. Serikali ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1997 kwa mpango wa UPE, na mwaka 2007 ikaleta USE kwa sekondari. Watoto wa nyumba kama ya bibi yako wakajaa madarasani, jambo ninalolishukuru hadi leo. Lakini msaada wa namna hiyo humwacha kijana kwenye geti la chuo, na kutoka hapo nauli ya kwenda kazini ni juu yake na watu wake.

Umeuliza kama kila kitu huamuliwa na familia. Mengi, ndiyo. Kila kitu, hapana, na katika kazi yako ya umeme pana upenyo ambao fundi seremala hana. Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, hutoa vibali vya kufunga umeme majumbani kwa madaraja, kulingana na masomo na uzoefu wa fundi. Nyumba inayotaka kuunganishwa na laini inahitaji fundi mwenye kibali athibitishe kwamba waya zimefungwa salama. Shirika limebadilika, kampuni iliyoitwa Umeme imeondoka na UEDCL, kampuni ya serikali, imeshika usambazaji tangu Aprili 2025, lakini hitaji la fundi mwenye kibali liko pale pale. Maana yake ni kwamba Busia nzima wapo mafundi ambao sahihi yao inatafutwa. Watafute hao kwa majina. Usiende na barua ya kuomba ajira. Nenda na ombi dogo: kwamba utafanya kazi chini yake kwa siku fulani za wiki, na kila nyumba mtakayoimaliza ataweka sahihi kwenye daftari lako la kazi. Daftari hilo liwe na tarehe, mtaa, kazi gani ulifanya kwa mkono wako, na simu ya mwenye nyumba aliyekubali kupigiwa. Piga picha za ubao kabla ya kuufunga. Uzoefu utakaodaiwa ukiomba kibali chako ndio huo, na mkandarasi wa Mukono au Tororo ataelewa daftari kama hilo haraka kuliko barua ya maombi.

Kuhusu udhamini, usiende peke yako. Chukua barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kama kawaida, lakini barua hiyo kila mtu anayo. Tafuta mtu mzima mmoja ambaye fundi huyo anamheshimu, imamu, mchungaji, mwalimu wako wa chuo, au mwenye duka bibi anakonunua mizani na mifuko, akubali kusema mbele yake: kijana huyu namjua, kikipotea kitu nifuate mimi. Bibi yako ameuza soko lile miaka mingi na watu wanamwamini kwa deni. Jina unalo, mwanangu, ila hujalitumia, kwa sababu ulidhani jina ni la matajiri tu. Na ukipata nafasi, kaa karibu na maduka ya vifaa vya umeme. Mteja anayenunua swichi na soketi huuliza palepale kaunta kama wanamjua fundi.

Mjomba wako usimjibu vibaya, anaona bibi amechoka na anahofia nyumba. Lakini pikipiki ya mkopo ifikirie sana. Sidharau boda, wapo wanaolea watoto kwayo. Tatizo ni kwamba mkopo wa pikipiki hudai kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, na ukishauingia huna tena siku ya kupanda ngazi na fundi. Baada ya miaka miwili unamiliki pikipiki iliyochoka na cheti kilichosahaulika. Kama lazima upate hela ya kila siku, na naona ni lazima, tafuta kazi inayoisha mapema: kupokea na kupakua dagaa alfajiri, kuvusha mizigo hadi saa nne. Kisha keti na bibi umwambie wazi unaomba muda gani na utaleta nini nyumbani kila wiki, hata kama ni kidogo. Bibi aliyelipa ada hadi mwisho hatashindwa kuelewa mpango wenye tarehe. Kinachomtia hofu mzee ni kijana anayekaa tu bila kusema.

Mwalimu, salaam. Mimi ni baba wa watoto sita hapa Arua. Binti yangu amemaliza cheti cha uuguzi. Kuna mtu amenifuata akisema anao watu wilayani, na kwamba nikimpa kiasi fulani binti atapata nafasi ya serikali. Kiasi hicho ni sawa na bei ya kiwanja chetu cha pili. Watu wananiambia bila hivyo mtoto wa maskini hapati. Nifanyeje?

Usiuze, ndugu yangu. Usiuze hata kipande.

Mtu huyo akila hela yako huna pa kumshtaki, kwa sababu Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inamshika anayetoa sawa na anayepokea. Yeye analijua hilo vizuri, ndiyo maana hatoi risiti. Na watano wenzako wanaweza kuwa wameshatoa kwa nafasi hiyo hiyo moja. Binti akikosa, kiwanja kimeenda. Akipata, anaanza uuguzi akiwa na deni la baba yake kichwani, na ninajua deni la namna hiyo humpeleka mtu kutazama mfuko wa mgonjwa. Ukiweza, mpeleke mtu huyo kwa ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali, IGG, inayopambana na rushwa, kabla hujatoa chochote.

Nafasi za wilaya hutangazwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya. Binti aombe kila zinapotoka. Lakini asikae nyumbani akizingoja, maana muuguzi anayekaa bila kushika mgonjwa husahau. Hela mliyo nayo itumike kwanza kumsajili kwenye Baraza la Wauguzi na Wakunga na kupata leseni, maana bila hiyo hata hospitali inayomtaka haiwezi kumchukua. Kisha atazame hospitali za makanisa, Kuluva iko karibu nanyi, Maracha pia, na vituo vya afya kwenye makazi ya wakimbizi kama Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, ambako mashirika huajiri wauguzi. Kwenu huko, msichana anayezungumza Kilugbara na Kiswahili, na Kiarabu cha Juba kama anacho, ana kitu ambacho mtoto wa tajiri wa Kampala hawezi kukinunua. Akiandike juu kabisa ya maombi yake.

Mwalimu, mimi nina karakana ya kuchomelea vyuma Katwe. Tunatengeneza mageti, madirisha, na majiko ya shule. Mwaka huu nilichukua vijana wanne kutoka chuo. Wawili ambao kwao kuna uwezo wamebaki na sasa wanajua kazi. Wawili wa nyumba duni waliondoka kabla ya mwezi kwisha, mmoja bila kuaga. Wazee wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mbona watoto wa maskini ndio hawataki kuinama? Nimeanza kufikiri nichukue wale waliolelewa vizuri tu.

Ndugu yangu fundi, nakushukuru kwa kuandika, maana wengi wanafikiri hivyo na hawasemi. Nitakujibu kwa ukali kidogo kwa sababu wewe ni mtu wa maana: umefungua mlango wakati wenzako wamefunga.

Tufanye hesabu pamoja. Kijana anatoka Kajjansi, au tuseme Matugga. Anapanda teksi asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha nauli inapanda. Mchana anakula kikomando, chapati na maharage, chakula cha bei ya chini kuliko vyote mtaani kwako. Kwa siku sita za wiki hiyo ni hela ya kweli. Wewe ulimlipa nini wiki ya kwanza? Hukuandika, na kwa jinsi ninavyoijua Katwe, nadhani ulimwambia atalipwa akishajua kazi. Basi yule aliyebaki amelipiwa na baba yake. Baba wa kijana yule ndiye aliyekuwa akikulipia mfanyakazi wako mwezi mzima. Wale wawili walioondoka hawakuwa na baba wa kukulipia. Walikopa nauli, wakakopa tena, siku ya kukosa pa kukopa wakabaki nyumbani. Aliyeondoka bila kuaga aliona aibu kukwambia kwamba hana shilingi elfu mbili.

Nayasema haya kwa sababu nimeyaona kwa macho. Mimi ni mtoto wa Walukuba, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Nilipomaliza chuo niliingia karakana kwa sababu baba alizungumza na msimamizi. Tuliingia wasichana wawili. Mwenzangu alikaa ng'ambo ya mto, upande wa Njeru, na kila asubuhi alivuka kwa miguu juu ya bwawa la Owen Falls, maana daraja jipya la sasa, lile la mwaka 2018, halikuwapo. Alikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu, kwenye mashine ya kukereza alitoa kipande laini mara ya kwanza. Hatukulipwa mwanzoni. Mimi mchana nilirudi nyumbani kula, yeye alikaa nyuma ya karakana akinywa maji. Akaanza kuchelewa, kisha kukosa siku, kisha akaitwa mvivu. Akaondoka. Nilikaa na mashine ile hadi nikawa mwalimu. Kila nikisikia mtu akisema watoto wa maskini hawavumilii, namkumbuka yeye, aliyetembea njia ile yote bila chai tumboni, na najiuliza uvumilivu mwingine uliotakiwa ulikuwa upi.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Lipa nauli na chakula cha mchana tangu siku ya kwanza, mkononi, jioni, kila siku. Usisubiri mwisho wa wiki, maana wiki ya asiye na kitu ni ndefu. Si mshahara, na kama unaogopa gharama chukua wawili badala ya wanne. Miwani na glavu za kuchomelea ziwe za karakana. Ukimwambia kijana aje na zake umeshachagua mtoto wa mwenye nazo, na asiye nazo atachomelea bila miwani hadi macho yamuume usiku kucha, nawe wajua maumivu hayo. Na mwambie siku ya kwanza ni lini ataanza kupata ujira na kwa kazi gani: akiweza kupiga geti dogo peke yake, malipo ni kadha. Mtu huweza kuinama akijua mvungu una nini na ni wa kina gani.

Jambo la mwisho kwako. Fundi mzuri uliyemfundisha mwenyewe, hata kama hakukanyaga chuo, anaweza kupimwa kwa vitendo na kupewa cheti cha ujuzi alioupata kazini, kile kinachoitwa Worker's PAS. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, DIT. Tangu sheria mpya ya elimu ya ufundi ya mwaka 2025, upimaji umewekwa chini ya bodi mpya. Kwa kijana asiye na mjomba mkandarasi, karatasi hiyo ndiyo mjomba wake. Na wewe mwenyewe, kama hujajiunga, ulizia ushirika wa Emyooga wa mafundi wa kuchomelea kwenye jimbo lako. Mpango huo wa mikopo ya serikali ulianza mwaka 2019 na umewagawa watu kwa kazi zao, wachomeleaji, makanika, maseremala, washonaji. Mkopo wake waweza kununua mashine ya pili ya kuchomelea, na mashine ya pili ndiyo nafasi ya kijana wa tatu.

Mpigie simu yule aliyeondoka bila kuaga. Namba yake nadhani bado unayo.

Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni msichana wa Kinubi hapa Bombo. Nina cheti cha ufundi wa magari. Baba ana gereji, na kaka zangu watatu wanafanya kazi humo. Wao hawakusoma ufundi, walijifunza kwa baba. Nilipomaliza chuo kila mtu alisema nina bahati, kazi ninayo nyumbani. Lakini baba ameniweka mezani niandike mapato na kupokea hela. Gari sigusi. Mshahara sina, naambiwa ninakula na kulala kwa baba. Nikilalamika naonekana sina shukrani. Wenzangu wasio na kitu wananionea wivu, nami nawaonea wao.

Wa aleikum salaam, binti yangu. Barua yako nimeiweka mwisho makusudi, kwa sababu katika majibu yote ya juu nimezungumza kana kwamba kuzaliwa kwenye nyumba yenye karakana ni kumaliza safari. Wewe umeonyesha upande wa pili. Gereji ya baba imekupa paa, imekupa jina, na imekunyima ule mwaka wa kwanza wa kushika spana ambao kila fundi anauhitaji. Ukikaa hapo miaka mitatu, utakuwa na cheti cha makanika na uzoefu wa mhasibu. Mwajiri wa nje atakuuliza umefungua injini ngapi.

Huna utovu wa shukrani. Lakini njia ya kulisema jambo hili kwa baba si kulalamika mezani mbele ya kaka zako. Kwenu, kama kwetu, yuko mtu ambaye baba humsikiliza. Mara nyingi ni dada yake. Nenda kwa shangazi yako, umweleze kama ulivyonieleza mimi, umwombe akazungumze naye baada ya Isha, gereji imefungwa na hakuna mteja wa kusikia. Na usimpeleke shangazi mikono mitupu. Mpe pendekezo ambalo baba ataliona lina faida kwake.

Pendekezo lenyewe ni hili. Tangu mwaka 2018 sheria yetu inakataza kuingiza nchini magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Hivyo magari yanayoingia kutoka Japani ni mapya zaidi kuliko yale baba aliyojifunzia, na mengi yana kompyuta inayosimamia injini. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, kaka zako watabadilisha plagi, watabadilisha hiki na kile kwa kubahatisha, na mteja ataondoka amekasirika kwenda Kawempe kwa mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Wewe umesomea mambo haya. Omba gereji inunue mashine ya kawaida ya kusomea kompyuta ya gari, na kila gari yenye taa iliyowaka iwe yako, kuanzia kusoma hadi kurekebisha, wewe mwenyewe na mikono yako. Daftari la mapato unaweza kulifunga saa ya mwisho ya jioni, halihitaji mtu wa kukaa nalo kutwa.

Kaka zako nao wana shida ambayo huenda hawaisemi. Wanajua kazi na hawana karatasi. Gereji ikipata tenda ya shule au ya ofisi, wataulizwa vyeti. Ule upimaji wa Worker's PAS niliomwambia fundi wa Katwe unawahusu wao kabisa. Wewe unajua mtihani wa vitendo unavyokuwa, waweza kuwaandaa na kuwajazia fomu. Nao wakuache uingie chini ya gari pamoja nao, wakufundishe yale ambayo chuo hakina, kwa mfano kusikiliza mlio wa gia. Kaka mkubwa akikubali, baba atakuwa amebakiwa na sababu chache.

Mshahara usiuache. Uzungumzwe siku hiyo hiyo, hata ukiwa mdogo, na ulipwe kwa mobile money ili ubaki na kumbukumbu. Chakula na kulala ni haki ya mtoto kwa baba yake, na kazi ni jambo jingine. Kaka zako wanapewa kitu mwisho wa wiki, sivyo? Mwambie shangazi alitaje hilo kwa upole.

Ikiwa baba atakataa yote, usigombane naye na usitoroke. Omba ruhusa ya miezi sita kwenye gereji ya rafiki yake, Wobulenzi au Kampala. Baba wengi wasioweza kumwona binti yao chini ya gari kwenye gereji yao hukubali akiwa kwa mwenzao, kwa sababu hapo si wao wanaotazamwa na majirani. Na huko utapokelewa kwa jina lake, tofauti na kijana wangu wa Busia. Tumia jina hilo bila aibu, ila ukifika usikubali tena kuketishwa kwenye meza ya hela.

Niandikie baada ya shangazi kuzungumza. Nataka kujua baba alisema nini kuhusu mashine, na hasa alisema nini kuhusu mshahara.